Picha Isiyolia Si Picha

Milcah hana subira na watu, na watu wamekwisha kumzoea. Akiingia penye msiba hapitishi mkono wa salamu kama wengine. Anatupa jicho dirishani, anatupa jicho kwenye jeneza, kisha anaanza kufukuza. "Wewe wa koti ya kijani, sogea huko, unanizibia mwanga." Mwenye koti la kijani anaweza kuwa diwani, anaweza kuwa mkwe aliyetua na ndege ya asubuhi kutoka Kisumu, Milcah habari hana. Yeye amekuja kupiga picha za maiti na wenye maiti, na ukimchelewesha utajua hujui.

Kwake ni mtaa wa Jamhuri, chumba cha nyuma katika ua wa mama mmoja wa Kihindi aitwaye Kamlesh. Lakini Alhamisi na Ijumaa usijisumbue kumtafuta huko. Hizo ndizo siku ambazo watu wa magharibi mwa Kenya walioko Nairobi huwatoa wafu wao mochari ili wawasafirishe nyumbani, na kabla gari halijaondoka lazima ibada, lazima jeneza lifunguliwe, na lazima picha.

Hapo kwenye picha ndipo penye vita. Watu huitwa kwa makundi: mke na watoto, ndugu wa tumbo moja, wakwe, watu wa kazini, akina mama wa chama. Kila kundi linasimama nyuma ya jeneza, Milcah anainua kamera, na kuanzia hapo hatikisiki mtu. Hata anayelia humeza kilio mpaka kamera ilie kwanza. Ikilia, kundi linavunjika, linaitwa lingine. Na usidhani ni mapambo. Kesho maneno yakizuka kuhusu shamba, au kuhusu nani alikuwa nani kwa marehemu, albamu ya msiba ndiyo inayofunguliwa mezani. Asiyekuwemo hakuwapo. Hata kama alilia mpaka akazirai, hakuwapo.

Basi kamera yake ya zamani ilipokufa, Milcah aliazima ya mpwa wake, moja ya hizi za kisasa zinazopiga kimyakimya kama zinaiba. Akaenda nayo kwenye msiba wa watu wa Kakamega. Akapiga kundi la kwanza. Watu wakasimama. Akapiga tena. Wakazidi kusimama, shingo zimekazana, jasho linawatiririka.

"Nimeshapiga!" akasema.

"Umepiga nini?" mjomba wa marehemu akauliza. "Hatujasikia kitu."

Akawaonyesha picha kwenye skrini, lakini wapi! Mjomba alikwisha kuamua kwamba huyu mwanamke anawapiga chenga. Wakwe wakakataa kutoka nyuma ya jeneza mpaka wasikie. Yakatoka matusi ambayo hayafai kusemwa mbele ya maiti, na dereva wa gari akawa anapiga honi huko nje kwa hasira. Milcah aliondoka pale ametukanwa yeye na ukoo wake, na mpwa akarudishiwa kamera yake kwa kutupiwa kitandani.

Jumatatu akaingia mjini, akapanda ngazi za duka la Rajinder, Singasinga mmoja mwenye ndevu nyeupe anayeuza kamera katika orofa ya juu, karibu na Moi Avenue. Rajinder alimjua. Alipomwona alishusha pumzi kama mtu aliyeletewa bili ya stima.

"Mama, karibu. Hii hapa ndio yako. DSLR, mpya kabisa, na iko na pahali ya kupunguza sauti. Ukipiga harusi hata bibi harusi hasikii."

"Mimi sina shida na bibi harusi. Wateja wangu wanataka kusikia. Leta ingine."

Alizipima kamera zote za kabati lile kwa sikio. Anaweka kamera shavuni, anabonyeza, anasikiliza, kama mtu anayegonga tikiti maji sokoni. Hii inakohoa. Hii inanong'ona, ina siri gani? Hii imemeza sauti yake. Rajinder akajaribu kumweleza habari za lenzi, na jinsi kamera fulani inavyoona vizuri gizani, na kwa haki ya Mungu hayo ndiyo mambo ambayo mtu mwenye akili huyauliza. Milcah alimkata kauli.

"Singh, giza nitawasha taa. Kelele nitaiwasha na nini?"

Kijana mmoja aliyekuwa akinunua betri akacheka. Milcah akamgeukia. "Unacheka nini? Mamako akifa utaniita." Kijana akasahau na chenji yake.

Mwishowe akaiona kwenye rafu ya chini, nyuma ya mikoba, kamera moja kuukuu, nzito, imechubuka kona zote. Ya mitumba. Akabonyeza. KACHA! Mwanamke wa duka la jirani alichungulia kuuliza ni nini kimeanguka.

"Hii," Milcah akasema.

"Hiyo? Mama, hiyo mimi mwenyewe naona haya kuuza. Kioo ya ndani inaruka kama mlango ya lori."

"Si ndiyo nimesema hii? Una masikio au una ndevu tu?"

"Chukua. Lakini usirudi hapa kunilalamikia."

"Nikirudi nitakuwa nimekuja kununua duka lote."

Ndivyo walivyoagana, kila mmoja akimwombea mwenzake hasara.

Ukisema Milcah alikosea, sema ukiwa mbali. Heri lawama kuliko fedheha, na lawama alizipata. Mchungaji mmoja alikatiza sala katikati, akafungua jicho moja, akasema kwenye kipaza sauti kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Milcah akambonyezea nyingine hapohapo. Kamlesh, mwenye nyumba wake, alimwita siku ya uchumba wa mjukuu wake Ishita, na kila mara pandit, kuhani wao wa Kihindu, alipofikia neno la maana, kacha! Pandit akaanza upya. Kacha! Akaanza tena. Kamlesh hakumwita mara ya pili, na mpaka leo akimpita kwenye ua anafunika masikio kwa ncha ya sari ili aonekane. Milcah naye hujifanya haoni. Alichojali ni kwamba penye msiba hakuna tena aliyemwuliza kama amepiga.

Sasa sikiliza mambo ya Lenox.

Lenox alikuwa mtu wa benki, ofisi yake hapo Upper Hill, akaugua, akafa, na akaagwa katika kanisa dogo lisilo mbali na kazini kwake. Aliyemwajiri Milcah ni Oloo, kaka yake marehemu, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, jamaa wa kifua mbele. Kabla ibada haijaanza akamvuta Milcah pembeni.

"Kuna mwanamke atakuja na mtoto. Anaitwa Nzula. Huyo hapigwi picha. Hata kwa bahati mbaya. Nikimwona kwenye albamu, wewe kazi yetu hufanyi tena, na wote wa kwetu nitawaambia."

"Mnaolipa ni nyinyi," Milcah akasema.

Mbele kabisa alikaa Lornah, mke wa marehemu, macho makavu, taya limekaza. Kando yake alikaa mamake Lenox, bibi kizee ambaye wengi walimwita Dani, yaani nyanya, aliyekuja mjini kumuuguza mwanawe akaishia kumsindikiza. Macho yake yalikwisha kuzibwa na mtoto wa jicho, kwa hiyo shughuli yote aliifuata kwa masikio. Kamera ikilia anauliza, "Hao ni kina nani?" Anaambiwa ni wakwe. Anaitikia kwa kichwa. Ikilia tena anauliza tena. Milcah alimpenda kwa hilo, na Milcah si mtu wa kupenda ovyo.

Makundi yalipokwisha, watu wakatoka nje hemani kunywa chai kabla ya jeneza kufungwa. Milcah alikuwa barazani akibadilisha betri. Mwanamke akamjia, kitambaa cheusi kichwani, msichana mdogo mkononi.

"Dada, mimi ndio Nzula. Najua umeshaambiwa. Huyu ni Ivyne, ni mtoto wake. Lenox alikuwa hataki kupigwa picha na sisi, hata ya simu. Mtoto hana picha hata moja na babake. Hiyo jeneza ikifungwa ndio basi. Nakuomba moja tu."

"Nenda uwaombe wenyewe."

"Ningekuwa naweza kuwaomba, ningekuja kwako?"

"Tumia simu yako."

"Nimejaribu. Mlangoni pale vijana wa Oloo wamenipokonya." Nzula hakulia. Alikuwa na hasira, na hasira ndiyo lugha Milcah aliyoielewa. "Umepiga wakwe, umepiga chama, umepiga hata dereva. Mtoto wake mwenyewe ndio ashinde nje kama paka?"

Milcah akawaza haraka. Kanisani amebaki Dani peke yake, amekataa kuondoka kwa mwanawe. Kupiga, hawezi, Oloo atamharibia kazi yote ya watu wa kule. Kubishana na huyu mwanamke mpaka watu waje, hataki. Basi akaamua kufanya uhuni. Atainua kamera, ajifanye amepiga, awaondoe.

"Harakisheni," akasema.

Wakaingia. Nzula akabaki mlangoni. Ivyne akaenda nyuma ya jeneza, akasimama wima, paji la uso tu ndilo lililotokeza. Milcah akainua kamera, akaituliza kidogo, akaishusha.

"Tayari. Nendeni."

Mtoto hakutikisika.

"Haijalia," akasema.

Asubuhi nzima alikuwa nje ukutani akisikiliza wengine wanavyopigwa picha. Alijua picha ni nini. Nzula akasogea karibu, akasema kwa sauti ya chini ambayo ilikuwa mbaya kuliko kelele.

"Umemdanganya mtoto mbele ya maiti ya babake. Wewe ni mtu wa aina gani?"

Aibu ikimshika Milcah humtoka kwa ukali. "Haya simama vizuri basi! Sogea huku uonekane! Inua kidevu!"

KACHA!

Kanisa tupu, kuta tupu, mlio ukagonga huku ukarudi huku. Huko hemani vikombe vikanyamaza. Kisha vikasikika viatu vikija.

Oloo aliingia wa kwanza, mandazi mkononi. Nyuma yake Lornah.

"Nilikwambia nini? Nilikwambia nini wewe mama?" Oloo akanyoosha kidole. "Futa. Futa nikiona."

Milcah angeweza kukataa. Alilifikiria hilo baadaye mara nyingi, na kila mara alijichukia upya. Lakini palepale alifikiria Alhamisi ijayo na Alhamisi zote baada yake, akabonyeza, na Oloo akainamia skrini kuhakikisha. Picha ikatoweka. Ivyne alikuwa akitazama. Nzula alitema mate chini, ndani ya kanisa.

"Hao ni kina nani?" Dani akauliza kutoka kwenye kiti chake.

Oloo akaweka kidole mdomoni, akimkazia macho Ivyne.

"Nauliza. Kamera imelia. Nani amepigwa?"

"Hakuna mtu, Mama," Oloo akasema. "Ilikuwa inajaribiwa tu."

"Ni mimi," Ivyne akasema.

"Wewe nani?"

Oloo akafungua mdomo, lakini Lornah alikwisha kuchoka. Mwanamke alikuwa ameubeba mzigo huo miaka na miaka, akitabasamu nao kanisani, akitabasamu nao kwa wakwe, na siku hiyo ukamponyoka.

"Ni mtoto wa Lenox, Mama! Wa nje! Haya, umesikia? Kila mtu alijua isipokuwa wewe. Hata huyu Oloo wako anayejifanya askari hapa, Jumapili alikuwa anaenda kula kwa huyo mwanamke. Mwulize kama kuku ya huko ni tamu!"

Oloo akayatazama mandazi yake. Mlangoni watu walikuwa wameshajaa.

Dani hakulia wala hakunyoosha mikono kama bibi wa kwenye hadithi. Alikasirika.

"Kwa hivyo mlitaka nife bila kujua? Mimi nikiuliza Lenox ana watoto wangapi, mnanihesabia, na mnaruka?" Akagonga mkongojo sakafuni. "Mama wa picha, uko wapi?"

"Niko hapa, Dani."

"Nisimamishe kwa mwanangu. Nataka kupigwa picha pamoja na huyo mtoto."

"Mama, gari inangoja," Oloo akasema.

"Ingoje! Wewe ndiye ulimzaa?"

Akasimamishwa nyuma ya jeneza, katikati. Akapapasa, akampata Ivyne, akamshika bega kwa nguvu kama mtu anayemkamata mwizi. "Mamake yuko? Naye asimame. Lakini wewe simama huko miguuni, mimi sijakusamehe kitu." Nzula akasimama miguuni, uso umekunjamana.

Lornah alipoona hivyo akaenda mbio kichwani. "Hakuna cha picha hapa. Nafunga!" Akaegemea juu ya jeneza, mkono mmoja umeshika kifuniko, mwingine umetua kando ya uso wa mumewe, tayari kuvuta.

Milcah akainua kamera, akapaza ile sauti yake ya kazi.

"Tulia!"

Na wote wakatulia. Ndivyo walivyo, mazoea yana taabu. Dani akatulia, mtoto akatulia, Oloo akatulia na mdomo wazi. Na Lornah naye, ambaye alikuwa amekuja kuizuia picha, alikaza shingo, akatazama lenzi, akangoja.

KACHA!

Palepale Lornah akashtuka, akajua amefanya nini. Akamjia Milcah. "Lete nione."

"Hiyo pia ifutwe," Oloo akasema. "Futa, mama, ama nikuvunjie hiyo takataka!"

Safari hii Milcah aliikumbatia kamera kifuani. "Jaribu," akasema. "Jaribu uone." Alikuwa ameshaamua kupoteza Alhamisi zote.

Lakini Lornah alikwisha kuikodolea skrini. Akatazama kwa muda mrefu, akipima. Kisha akauzuia mkono wa shemeji yake.

"Asiguse mtu."

"Lornah, hii picha..."

"Nimesema asiguse mtu! Huyu mwanamke hatakosa kwenda kortini. Acha aende. Jaji aone nani alikuwa kichwani na nani alikuwa miguuni." Akamgeukia Milcah. "Mimi utanitolea kubwa. Ya kuweka ukutani."

Hapo jeneza likafungwa, na gari likaondoka kuelekea magharibi. Nzula na mtoto hawakupewa nafasi ndani yake.

Wiki iliyofuata Nzula alifika Jamhuri, Ivyne mkononi. Milcah hakuwakaribisha chai. Aliwatolea picha pale mlangoni, akaiweka juu ya meza ndogo. Ilikuwa picha nzuri, lazima isemwe. Lenox amelala vizuri, mtoto anaonekana uso wote, Dani amemshika.

Nzula akaweka kucha juu ya Lornah. "Huyu umkate, atoke."

"Hakatiki."

"Kwa nini? Si ako tu pembeni?"

"Mtazame vizuri. Mkono wake uko wapi?"

Mkono wa Lornah ulikuwa umelala shavuni kwa Lenox, na kivuli chake kimemfunika shingo.

"Kuna vijana mjini wanafuta mtu na kompyuta," Nzula akasema.

"Wako. Wapelekee wamfute. Halafu siku utakayoitwa kortini uulizwe, useme ni ya kweli, wakuambie uso wa Lenox umeuchora, mtoto umemchora, bibi umemchora. Shauri yako."

Nzula akaiinua picha, akamfunika Lornah kwa kidole gumba. Uso wa Lenox ukapotea naye. Akasogeza kidole kidogo, Lenox akarudi, Lornah akarudi. Akajaribu tena kutoka upande mwingine, polepole, huku meno yameumana. Milcah alisimama tu akitazama.

Ivyne alikuwa amejinyoosha kwa vidole vya miguu ili naye aone.

"Mama, huyu anayemshika baba ni nani?"

Nzula akaondoa kidole.

"Ni mke wake," akasema, na akamwomba Milcah bahasha.